Saa Kumi ya Kundi la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Mtoto ana miezi sita na siku nne. Nimemwacha kwa mama mkwe akiwa ameshika kola ya gauni langu kwa mikono miwili, ikabidi tumbandue kidole kimoja kimoja. Mama mkwe akasema, "Nenda, mwanangu. Atalia mpaka achoke, halafu atakula."

Chumba cha kuoshea kiko vilevile nilivyokiacha. Sinki mbili, chungu cha mvuke cha kuchemshia vyombo, na dirisha lisilofungika vizuri, kwa hiyo mvua imeingia mpaka mezani. Nimepewa ruhusa ya kunyonyesha. Naingia saa tatu na nusu asubuhi badala ya saa mbili, mpaka mtoto atimize mwaka.

Naandika haya chungu kikichemka. Kila mzunguko ni dakika arobaini na hairuhusiwi kukiacha peke yake, kwa hiyo nina muda wa kuandika kuliko watu wengi wenye shahada.

Mkataba wangu wa muda unaisha tarehe 30 Juni. Profesa ameniita ofisini akasema mradi huu mpya ukienda vizuri ataniombea ajira ya kudumu. Nimetoka nikiwa nimelishika hilo "ukienda vizuri" kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Jumanne, 4 Machi

Mirija ya kioo mia mbili na kumi nimeosha. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeelezwa mradi wenyewe. Aliyenieleza ni yule mwanafunzi wa udaktari ambaye mama wa stoo amempachika jina la Kamili, kwa sababu kila akimaliza kusema anaongeza "kamili", kama anapiga muhuri. Amesoma nje miaka saba. Mimi humwita Daktari, naye hujibu, "Bado, dada. Ngoja nivae joho kwanza."

Mradi ni wa hamira, hiihii ya kuumulia unga. Kamili anasema hamira ni viumbe vya seli moja moja. Seli mama inachipua binti ubavuni, binti akikomaa anaachana na mama, kila mmoja anashika njia yake. Wanachotaka kujua hapa maabara ni ilikuwaje zamani hizo, kabla ya wanyama na miti, seli zikaacha kuishi kila moja peke yake zikaanza kukaa pamoja mpaka zikawa mwili.

Nikauliza, "Na binti asipotaka kuondoka?"

"Ndiye tunayemtafuta huyo," akasema. "Kamili."

Jumamosi, 8 Machi

Nimepewa hamira zangu. Kuna makundi mawili, kila moja mirija mitano. Yote hukaa kwenye supu ya sukari juu ya mashine inayoyatikisa mchana na usiku. Kila siku unachota kidogo kwenye mrija wa zamani, unahamishia kwenye mrija mpya wenye supu mpya. Huko ndiko kuhamisha, na ndiyo kazi yote. Tofauti ni moja tu. Kundi la kwanza huchotwa likiwa limetikiswa. Kundi la pili huachwa kwanza litulie, kisha unachota chini kabisa. Seli zilizoshikana ni nzito, zitawahi kufika chini, kwa hiyo ndizo zitakazohama. Zile pweke zitabaki juu na kumwagwa.

Kundi la kwanza atalishika Kamili kwenye chumba cha joto, mwisho wa korido. La pili ni langu, kwenye mashine ya zamani humu chumbani.

"Kila kundi na mtu wake," alisema, mguu mmoja tayari uko nje ya mlango kwa sababu alikuwa na darasa. "Ukiingia tu asubuhi, zima mashine, panga mirija kwenye kishikio, iache itulie. Muda wa kuhamisha nimekubandikia ukutani. Usiwahi, usichelewe. Kamili."

Karatasi imebandikwa juu ya sinki: KUNDI LA PILI. KUHAMISHA: SAA 10. KILA SIKU ISIPOKUWA JUMAPILI. CHOTA CHINI. ANDIKA MUDA DAFTARINI. Mirija ya zamani isimwagwe mpaka siku ya pili, iwe akiba.

Jumatatu, 10 Machi

Uhamisho wa kwanza. Asubuhi nimezima mashine, nikapanga mirija, nikaendelea na vyombo vyangu. Saa kumi nimenawa, nimewasha kimoto cha gesi cha kuulia vijidudu, nimehamisha. Nimeandika daftarini: saa 10. Nusu saa baadaye nikavua koti nikaenda kwa mwanangu.

Jumatano, 12 Machi

Mama wa stoo amekuja kuhesabu chupa, akanikuta nahamisha. "Mimi nimeomba uhamisho miaka sita sijapata," akasema. "Hamira zako zinapata kila siku bila hata kuandika barua."

Jumanne, 18 Machi

Mtoto hataki kikombe. Mama mkwe anasema anakipiga teke kama mpira, na yeye nguo zote zinanuka maziwa. Nimemwambia asimlazimishe. Akasema, "Sijamlazimisha, nimemwomba. Nimewalea watano, hakuna aliyeniwekea masharti." Mtoto alikuwa ananitazama mimi, halafu yeye, halafu mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Kila Jumamosi Kamili hupitia daftari na kutia sahihi. Leo amefuata safu kwa kidole: saa 10, saa 10, saa 10. "Laiti wote wangekuwa kama wewe, dada," akasema. Mama wa stoo huwa anamwona anajisikia. Mimi naona ni mtu mwenye haraka tu. Kwangu hakai zaidi ya dakika tatu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Umeme ulikatika mara mbili.

Jumamosi, 29 Machi

Saa sita mchana Kamili aliingia kutafuta chupa kubwa. Akaiona mirija kwenye kishikio.

"Zimetulia?"

"Zimetulia vizuri."

"Kamili," akasema, akachukua chupa akaenda.

Ijumaa, 4 Aprili

Mtoto alikuwa na homa. Nimelala saa tatu tu kwa jumla, vipande vipande. Baba yake yuko kwenye mabomba tangu juzi. Mvua ikizidi, kila mtu anamtafuta fundi bomba. Kazini nimesimama kwenye sinki nikasinzia na glovu mkononi. Saa kumi nimehamisha. Sijawahi kukosa hata siku moja.

Jumamosi, 12 Aprili

Uhamisho wa thelathini. Nilipoinua mrija wa tatu kwenye mwanga wa dirisha, chini palikuwa na chenga. Mirija mingine chini huwa na utelezi mweupe kama uji uliopoa, sawasawa. Huu ulikuwa na chembe, kama unga ambao haukuchekechwa. Nikatikisa kidogo. Chenga zikapanda, zikashuka tena haraka.

Nikamwita Kamili. Alikuwa ameshafunga begi. Aliweka tone kwenye hadubini, akainama, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani ameumwa mgongo. Kisha akasogea pembeni na kunionyesha kiti.

Niliona vishada. Seli kama ishirini, thelathini, duara duara, zimegandamana kama zabibu. Nikauliza mama ni yupi. Akasema hajui, pengine yuko katikati, au keshakufa na mabinti bado wameshikana.

Hakusema kamili.

Ijumaa, 18 Aprili

Mrija wa tano nao una chenga. Profesa amekuja chumbani kwangu mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa. Amekanyaga maji ya dirishani, akasema nitaandikiwa fundi.

Jumanne, 22 Aprili

Mtoto amekunywa kikombe kizima. Mama mkwe hakunipigia simu hata mara moja kutwa nzima. Nilifurahi, halafu nikakasirika kidogo, halafu nikaoga.

Jumamosi, 26 Aprili

Uhamisho wa arobaini na mbili. Mirija mitatu kati ya mitano ina vishada. Kundi la kwanza halina hata kimoja. Kamili amepiga picha mpaka betri ikaisha. Amenieleza, bila mimi kuuliza, kwamba baba yake alitaka awe mhasibu, na jana alimtumia baba yake picha ya kishada. Baba akajibu, "Hongera, ni nini hiki?" Alicheka peke yake. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa. Leo alikaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, robo saa nzima.

Jumanne, 29 Aprili

Siandiki kwa mpangilio leo. Chungu kinachemka mara ya pili na sijui mara ya kwanza nilitia nini.

Kwenye ukumbi wa kuingilia kuna ubao wenye kichwa HABARI NA MAFANIKIO. Hapo hubandikwa makala zao zikichapishwa, tuzo, picha za waliohitimu. Asubuhi mama wa stoo aliniomba nimshikie pini wakati anabandika tangazo jipya. Lilikuwa letu. Picha ya kishada imejaa nusu ya karatasi. Juu yake maandishi makubwa: NUSU SAA YA UTULIVU KWA SIKU YATOSHA KUZIKUSANYA SELI.

Nikasoma chini. Linasema mirija ya kundi la pili iliachwa itulie kwa dakika thelathini kila siku, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa nne, na kwa uhamisho arobaini na mbili tu seli zikaanza kuishi kwa vishada. Linasema hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba muda mfupi hivyo unatosha. Linasema Kamili atakwenda kuusoma utafiti huu kwenye mkutano mkubwa mwezi wa sita. Mwisho kabisa, kwenye shukrani, kuna jina langu. Majina yote mawili, yameandikwa bila kosa.

"Umekuwa mtu mkubwa," mama wa stoo akasema. "Sogeza kidole, nisikutoboe."

Nikamuuliza, "Nusu saa ipi hiyo?"

"Si wewe ndiye unayehamisha? Unaniuliza mimi?"

Nikarudi chumbani kwangu, nikasimama mbele ya ile karatasi. KUHAMISHA: SAA 10. Nimeisoma siku arobaini na nne za kazi. Kisha nikaenda chumba cha joto, na Kamili alikuwa humo anahamisha kundi lake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwenye daftari lake, mbele ya macho yangu, akaandika: 10.

Simu yangu inapoonyesha 10.00, mimi nasema ni saa nne. Yeye pia, akizungumza, husema saa nne. Lakini akishika kalamu anaandika kama alivyofundishwa huko alikosomea, na siku ile kwenye karatasi yangu akachanganya: neno akatia letu, tarakimu akatia ya simu. Nami nikasoma vyote viwili kwa njia yetu. Saa kumi. Saa kumi jioni, kabla ya kuvua koti.

Basi yeye anapitia daftari langu kila Jumamosi, anasoma kumi yake. Mimi naandika kumi yangu. Wote wawili tumeridhika. Na mirija imekuwa ikisimama kwenye kishikio saa sita na nusu kila siku, si nusu saa.

Na siku ile aliyoingia saa sita mchana akaiona? Bila shaka alidhani ni ile ya zamani, ya akiba.

Saa kumi ilipofika leo nilihamisha kama kawaida. Sikujua nifanye nini kingine, na hamira hazina kosa.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemweleza mama mkwe wakati tunakunja nepi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kuna mtu amekuuliza?"

"Hapana."

"Basi."

"Mama, si basi. Tangazo si la kweli."

"Umeliandika wewe?"

"Daftari nimeandika mimi."

"Umeandika saa kumi, na ulifanya saa kumi. Uongo uko wapi? Mwanangu, hao ni watu wenye miwani. Kama kuna kosa wataliona wenyewe. Wewe una mtoto." Akakunja nepi nyingine. "Ajira ya kudumu haigongi mlango mara mbili."

Simlaumu. Amelea watano kwa kushonea watu nguo kwenye kibaraza.

Alhamisi, 1 Mei

Mapumziko, ila si kwa hamira: nimekwenda asubuhi kuzituliza na saa kumi kuzihamisha. Mvua kutwa. Nilimbeba mtoto mgongoni nikapiga pasi. Nilikuwa najaribu kuliona lile tangazo kwa macho ya mtu mwingine, mtu wa mbali, ambaye naye ana mirija yake. Atalisoma. Ataacha mirija yake itulie nusu saa, siku baada ya siku, na vishada havitatokea, naye ataanza kujiuliza amekosea wapi. Huenda na yeye ana mwoshaji wa vyombo. Huenda ndiye atakayelaumiwa.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwambia Kamili. Alikuja kuchukua mirija ya kupigia picha, na nilikuwa nimesimama kati yake na mlango.

"Daktari, kundi la pili huwa nalihamisha saa kumi."

"Najua."

"Jioni."

Alitabasamu, kama mtu anayengoja sehemu ya kuchekesha. "Saa kumi jioni?"

"Kuna nyingine ya alfajiri, lakini saa hiyo huwa niko nyumbani nanyonyesha."

Tabasamu likakaa usoni bila kazi. Akaenda ukutani akasoma karatasi yake. Akachukua daftari akafungua mwanzo, akafungua katikati, akafungua mwisho. Kisha akakaa kwenye ndoo.

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi Machi. Sijakosa siku."

"Laiti ungekosa moja," akasema. "Laiti ungekuja ukaniuliza, mbona saa sita zote hizo."

"Laiti ungekaa ukanieleza. Ulikuwa na mguu mmoja nje."

Alikuwa anatazama mikono yake. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Nani mwingine anajua?"

"Mama mkwe."

"Hapa kazini."

"Wewe."

Nilijua anawaza nini kwa sababu na mimi nilikwisha kuliwaza, siku tatu. Sura yake imekonda. Ni kijana, sasa namwona. Huenda ananizidi miaka miwili tu. Nikawa kama namwona baba yake na ile picha kwenye simu.

"Nipe mpaka Jumatatu," akasema.

"Jumatatu nikiingia, saa tatu na nusu asubuhi, nakwenda kwa Profesa. Nikikuta umeshafika, nitarudi kuosha vyombo vyangu. Nikikuta hujafika, nitasema mimi."

"Unajua itakugharimu nini?"

"Najua mkataba wangu unaisha lini."

Jumamosi, 3 Mei

Hakuja kutia sahihi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeingia saa tatu na nusu. Nimezima mashine, nimepanga mirija, nimepanda juu kwa Profesa bila kuvua koti. Kamili hakuwapo.

Profesa ni mama wa makamo, miwani ameitundika kwa uzi. Aliniambia nikae. Nikasema nikisimama nitasema vizuri zaidi. Nikamweleza: karatasi, daftari, saa kumi. Nilikuwa na daftari lenyewe na karatasi niliyoibandua, gundi bado inanata. Alivaa miwani. Alisoma karatasi kwanza, kisha kila ukurasa wa daftari, bila haraka. Mvua ilikuwa inapiga kwenye dirisha lake, ambalo linafungika.

"Nani aliandika hii karatasi?"

Nikatazama sakafu. Sikutaka kuwa mimi wa kutaja.

Mlango ulikuwa wazi. Kamili alikuwa amesimama hapo, amelowa mpaka viatu, sijui tangu lini. "Mimi, Profesa," akasema. "Niliandika kumi, nikamaanisha saa nne. Yeye alifanya kilichoandikwa."

Profesa hakumkemea. Heri angemkemea, ingekuwa rahisi kuvumilia. Alinigeukia mimi. "Siku zote hizo hukuona ajabu, mirija ikae kutwa?"

"Niliona."

"Ukafanyaje?"

"Nikadhani ndivyo elimu ilivyo."

Aliinua kalamu kama anataka kuliandika hilo, akaiweka chini. Kisha wakaanza kuzungumza wao wawili, na nilifuata kadiri nilivyoweza. Profesa alisema kwa saa sita na nusu hata seli pweke zinafika chini, zinalala palepale na zile zilizoshikana. Kwa hiyo kuchota chini hakukuchagua kitu. Basi vishada havikutokea kwa sababu vinawahi kufika chini. Vimetokea kwa sababu nyingine.

"Ipi?" Kamili akauliza.

"Wewe ndiye unayetafuta udaktari," Profesa akasema. "Huenda ni njaa. Huenda ni kubanana kule chini kutwa. Huenda ni bahati tu. Hatujui, na tumebandika ukutani kwamba tunajua."

Wakati natoka akaniita. "Ile ajira," akasema. "Siwezi kuiombea kwa mradi ulioanguka. Nataka ulisikie kwangu, si koridoni."

Nikasema nimesikia. Nikashuka. Vyombo vilikuwa vimejaa sinki zote mbili.

Jumanne, 6 Mei

Tangazo limebanduliwa. Kwenye ubao pamebaki matundu manne ya pini.

Jumatano, 7 Mei

Mama wa stoo: "Umejichoma mkono mwenyewe, tena kwa kiberiti chako." Baada ya kitambo akarudi na glovu mpya pakiti mbili, akaziweka mezani. "Hizo ni za hesabu ya mwezi ujao. Usiniulize."

Watafiti wengine wananisalimu kwa kichwa. Mmoja aliuliza, mbele ya watu, kama siku hizi chungu changu nakichemsha kwa saa za nchi gani. Wakacheka. Nikamwambia vyombo vyake viko tayari, avichukue mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Barua ya kujiondoa kwenye mkutano imepelekwa. Nafasi ya Kamili amepewa mtu wa maabara nyingine. Baba yake amempigia kuuliza safari ni lini.

Jumatano, 21 Mei

Mtoto ameketi peke yake, kama dakika moja, kisha akaanguka upande. Hakulia. Alitazama sakafu kwa mshangao.

Alhamisi, 29 Mei

Profesa ametuita wote wawili. Mradi utarudiwa wote, tangu mwanzo, kwa makundi matatu: lisilotulizwa, la nusu saa, na la saa sita na nusu. La mwisho hakuna aliyewahi kulifanya duniani isipokuwa mimi, alisema, na alilisema kama anasoma orodha ya vifaa, kwa hiyo sikujua kama ni sifa. Nitaongezewa miezi mitatu. Mitatu tu. Baada ya hapo hana ahadi.

Nikasema nakubali, lakini nina maneno mawili. Kwanza, muda wote uandikwe kwa maneno, na useme asubuhi au jioni, ukutani na daftarini. Pili, ruhusa yangu ya kunyonyesha ibaki kama ilivyo, na iandikwe kwenye mkataba, isiwe ya mdomo.

Kamili alikuwa anaandika. "Saa nne asubuhi," akasema polepole, akiandika herufi kwa herufi. "Saa kumi jioni."

Profesa akamwambia, "Na mwandiko usomeke."

Mama mkwe, nilipomweleza: "Miezi mitatu." Akampangusa mtoto mdomo. "Haya. Si miwili."

Jumatatu, 9 Juni

Uhamisho wa kwanza, mara ya pili. Mirija kumi na mitano. Mvua imekatika tangu wiki iliyopita. Kamili ameomba Profesa amwondolee darasa la asubuhi. Amekuja na kiti chake.

Jumamosi, 14 Juni

Uhamisho wa sita. Vishada hakuna.

Jumamosi, 21 Juni

Kumi na mbili. Hakuna. Kamili amesema tasnifu yake ya udaktari itachelewa mwaka. Amelisema kama anataja hali ya hewa. Kisha akaniuliza kama naweza kumfundisha kukunja glovu zisishikane, na nikamwonyesha.

Jumatatu, 30 Juni

Leo ndiyo siku mkataba wa zamani ulikuwa uishe. Nimeingia saa tatu na nusu, nimezima mashine, nimepanga mirija.

Wakati tunangoja, Kamili aliuliza, "Na vishada visipotokea tena, dada? Hata kwenye kundi la saa sita na nusu. Ikiwa ilikuwa bahati tu?"

"Nitaandika hakuna."

"Kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili."

Akanipa daftari, nami nikainua mrija mmoja mmoja kwenye mwanga.

Uhamisho wa kumi na tisa. Kundi la nusu saa, saa nne na dakika moja asubuhi: hakuna. Kundi la saa sita na nusu, saa kumi na dakika mbili jioni: hakuna. Tumetia sahihi wote wawili.